Cadillac, Lincoln na Imperial: maswali ninayoulizwa kuhusu magari makubwa ya starehe ya Kimarekani

Ninaendesha Cadillac Sedan de Ville ya mwaka 1976. Ninaishi Michigan, mwendo wa nusu saa kutoka mtaa wa Clark mjini Detroit, palipokuwa na kiwanda kilichounda Cadillac tangu 1921 hadi 1987. Gari langu lilitoka hapo hapo. Herufi Q kwenye namba ya chesisi ndiyo inayoonyesha Detroit. Maswali yaliyomo humu nimeulizwa vituo vya mafuta, harusini, misibani, na na ndugu zangu wa Tanga kwenye simu. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Unaposema magari makubwa ya starehe, unamaanisha yapi?

Kwangu ni majina matatu. Cadillac ya kampuni ya General Motors, Lincoln ya Ford, na Imperial ya Chrysler. Cadillac na Lincoln ni ndugu wa baba mmoja: Henry Leland alianzisha Cadillac mwaka 1902, akaondoka, kisha mwaka 1917 akaanzisha Lincoln na kuipa jina la Rais Abraham Lincoln, ambaye yeye mwenyewe alimpigia kura mwaka 1864. Ford waliinunua Lincoln mwaka 1922.

Wengine wataongeza Buick Electra na Oldsmobile Ninety-Eight, na sitabishana nao. Magari hayo yalikuwa mapana na laini karibu sawa na Cadillac, na leo bei yake ni nafuu zaidi.

Ni makubwa kiasi gani?

Langu lina urefu wa mita 5.86 na upana wa mita 2. Hiace fupi za daladala hazifiki mita 5. Lincoln Continental ya 1977 ilikaribia mita 5.9, na Imperial ya 1973 ilikuwa karibu mita 6 kamili. Uzito wa langu ni kama kilo 2,300, na linapakia watu sita, watatu mbele na watatu nyuma.

Ndiyo, ninapata pa kuegesha. Naegesha mwisho kabisa wa uwanja, natembea.

Raha yake ni nini hasa?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa hiyo nivumilie.

Watu hudhani raha ni kutazamwa. Kutazamwa kupo, na watoto wakipunga mkono nami napunga. Lakini raha yenyewe iko ndani, nayo ni utulivu. Mlango ni mrefu na mzito, ukiufunga unatoa mlio mnene mmoja, halafu kelele za nje zinabaki mbali. Unawasha injini na unaisikia kwa mbali sana, kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Unaweka gia, unaachia breki, na gari linaanza kwenda lenyewe, bila haraka, kwa madaha. Kule kwetu tungesema mwendo wa bi harusi.

Barabara za Michigan zina mashimo kwa sababu ya barafu. Gari la kisasa lenye matairi membamba ya ubavu mfupi hukupigia kila shimo mgongoni. Hili linapanda na kushuka mara moja, taratibu, kama ngalawa ikikatiza wimbi, kisha linatulia. Bodi yake imekaa juu ya chesisi ya chuma kwa mipira, springi zake ni laini, na kati ya tairi la mbele na la nyuma kuna mita 3.3. Usukani unauzungusha kwa kidole. Mimi hufanya kazi zamu ya usiku. Asubuhi ya Jumamosi, nikiwa nimechoka mwili mzima, naliendesha nusu saa kando ya ziwa kabla ya kulala, na nikirudi nimepumzika kuliko nilivyoondoka.

Ukitazama historia ya Cadillac utaona kwamba karibu kila walichobuni kilikuwa cha kumpunguzia dereva kazi. Mwaka 1912 walileta stata ya umeme, watu wakaacha kuzungusha henda kwa mkono na kuvunjika vifundo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaleta gia zinazoingia bila kusaga. Gia za otomatiki zikafika kwenye modeli za 1941. Usukani wa kusaidiwa ukawa wa kawaida kwa kila Cadillac mwaka 1954, na mwaka 1964 wakaleta kiyoyozi unachokiwekea kipimo cha joto mara moja tu, kisha kinajirekebisha chenyewe. Mtu aliyeketi kwenye gari la 1976 amekalia miaka sitini na zaidi ya watu waliojiuliza: kazi gani nyingine tumwondolee?

Halafu kuna kiti cha mbele. Ni kiti kimoja kirefu kutoka mlango hadi mlango, bila kizuizi cha gia katikati. Mimi nakiita baraza. Watu watatu wakikaa hapo bega kwa bega wanazungumza vingine kabisa kuliko watu waliotengwa kila mmoja na kiti chake. Wanatazama mbele pamoja, hakuna anayemkazia mwenzake macho, na maneno magumu yanatoka kwa urahisi. Mambo makubwa ya familia yangu miaka hii michache yamesemwa kwenye kiti hicho.

Mama alipokuja kutoka Tanga, nilimpokea uwanja wa ndege kwa gari hili. Alifungua mlango wa nyuma, akatazama zulia, akavua viatu. Hakusema kitu. Alipanda, akanyoosha miguu, akajifunika khanga yake mpaka nyumbani. Hakuna sifa niliyowahi kupewa juu ya gari hili inayoifikia hiyo.

Lakini gari la starehe si ni Benz?

Sisi tumekulia kwenye nchi ambazo Kiswahili chenyewe kiliwaita wakubwa "wabenzi", kwa hiyo naelewa. Benz ni gari zuri sana. Tofauti ni kwamba Wajerumani walitaka dereva aijue barabara: usukani mzito kidogo, kiti kigumu, gari linaloshika kona ukiwa kasi. Wamarekani walitaka dereva aisahau barabara. Kwao njia ni ndefu na imenyooka, saa sita hadi jimbo la pili, joto kali nje, familia ndani. Kila gari linajibu swali la kwao. Ukilipeleka Cadillac kwenye kona za mlima ukalikimbiza, litalala upande na matairi yatalia; halikuundwa kwa kazi hiyo.

Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai hawanihitaji kuwaeleza haya. Kule barabara zimenyooka na jua ni kali, na magari makubwa ya Kimarekani, hasa Chevrolet Caprice, yalipendwa kwa sababu zile zile.

Injini yako ya lita 8.2, mbona ina nguvu za farasi 190 tu?

Mwaka 1970 Cadillac waliiweka injini hiyo ya V8 kwenye Eldorado na kuitangaza kuwa na farasi 400. Mambo mawili yalibadilika baadaye. Kwanza, kuanzia 1972 Wamarekani waliacha kupima injini ikiwa uchi mezani, wakaanza kuipima ikiwa na ekzosi, pampu na mikanda yake yote, na namba zikashuka kwa kila kampuni. Pili, mgandamizo wa ndani ya silinda ulipunguzwa ili itumie petroli isiyo na risasi, na vifaa vya kupunguza moshi vikaongezwa.

Lakini usiishie kwenye farasi. Nguvu ya kuzungusha ni karibu niutoni-mita 490, na inapatikana injini ikiwa inazunguka mara 2,000 tu kwa dakika. Maana yake gari linasukumwa likiwa bado linanong'ona. Kilima hakilibadilishi sauti.

Linakula mafuta kiasi gani?

Mengi. Langu linakwenda maili 10 hadi 12 kwa galoni, yaani kama kilomita 4 hadi 5 kwa lita. Tangi linachukua zaidi ya lita 100, na mdomo wake umefichwa nyuma ya kibao cha namba; ukikivuta chini utauona. Kila kituo cha mafuta nasimama kueleza hilo.

Ndiyo maana mimi si mtu wa kulipeleka kazini kila siku. Lilizaliwa baada ya vikwazo vya mafuta vya 1973, wakati mwendo wa juu wa nchi nzima ulikuwa umewekwa maili 55 kwa saa, na mwaka uliofuata, 1977, General Motors waliyapunguza magari yao makubwa kwa karibu kilo 400. Hayo ya 1977 hadi 1979, yenye injini ya lita 7, huwa nawashauri wanaoanza. Yanageuka vizuri zaidi, yanakula kidogo, na bado yana ile baraza ya mbele.

Kwa nini Cadillac ina uzito wa pekee kwa Wamarekani weusi?

Swali hili niliulizwa na kijana wa Kikongo aliyehamia hapa karibuni. Nililichukulia kwa uzito, kwa sababu mimi mwenyewe nilijibiwa na mzee jirani yangu aliyefanya kazi mtaa wa Clark.

Zama za ubaguzi, mtu mweusi kwenye basi alipangiwa pa kukaa, na hoteli nyingi njiani zilimfukuza. Akiwa na gari lake kubwa alikaa anapotaka, na usiku ukimkuta njiani familia ililala humo. Nyumba kwenye mitaa mizuri hakuuziwa hata akiwa na fedha taslimu. Gari aliweza kulipata, ingawa nalo si bila vikwazo: Cadillac kwa muda walikuwa na sera ya kutowauzia watu weusi, na husimuliwa kwamba Nicholas Dreystadt, aliyekuja kuongoza kampuni hiyo mwaka 1934, ndiye aliyewashawishi wakubwa wake waiache, baada ya kuona weusi wenye uwezo wakilipia Wazungu wawanunulie.

Bondia Sugar Ray Robinson alikuwa na Cadillac ya waridi ya mwaka 1950, akiiegesha Harlem, New York, mbele ya mkahawa wake, watu wakaja kuiona. Ile ya waridi ya mwanamuziki Elvis Presley, iliyoko nyumbani kwake Graceland, ni ya 1955. Na ukienda Washington, kwenye makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, utakuta Cadillac Eldorado nyekundu ya 1973 iliyokuwa ya mwanamuziki Chuck Berry. Wameiweka humo kwa haki.

Yale mabawa ya nyuma yalitoka wapi?

Kwenye ndege ya kivita. Harley Earl, mkuu wa wachoraji wa General Motors, na vijana wake waliiona ndege ya P-38 yenye mikia miwili, wakaweka vibawa vidogo kwenye Cadillac ya 1948. Kila mwaka vikaongezeka, hadi 1959 vilipofikia kilele na taa mbili mbili zenye umbo la risasi. Baada ya hapo vikaanza kushuka. Kwa macho yangu 1959 walizidisha, na Cadillac ya 1961 au 1962 inakaa vizuri zaidi kwa kuishi nayo. Najua wengi hawatakubali.

Na milango ya Lincoln inayofunguka kinyume?

Hiyo ni Continental ya 1961, na kama ungeniambia nichague gari moja la Kimarekani kwa uzuri wa umbo, ningechagua hilo. Elwood Engel, mchoraji wa Ford, alilichora kwanza liwe Ford Thunderbird. Robert McNamara wa Ford akaliona, akauliza kama linaweza kurefushwa liwe Lincoln. Bati lake lina mstari mmoja ulionyooka toka mbele hadi nyuma, karibu bila pambo, wakati wenzake wote wamejaa mapambo. Mlango wa nyuma walilazimika kuuwekea bawaba upande wa nyuma kwa sababu nafasi ilikuwa finyu na watu walikuwa wanaupiga teke wakishuka. Leo kila mtu anaukumbuka kwa urembo wake.

Gari alimouawa Rais Kennedy, Dallas, Novemba 1963, lilikuwa Continental hiyo ya 1961 iliyorefushwa. Liko kwenye makumbusho ya Henry Ford, Dearborn. Nenda uliangalie, watu wote wanaolizunguka huwa kimya.

Nikitaka kununua, niangalie nini?

Kutu kwanza, kutu katikati, kutu mwisho. Injini inafunguliwa na kurudishwa. Chesisi iliyooza inakumalizia fedha.

Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ipitishe chini ya milango, kuzunguka matairi ya nyuma na pembe za chini za kioo cha nyuma. Isiposhika, hapo pana puti, si chuma. Magari mengi ya miaka ya 1970 yamevikwa paa la ngozi ya bandia, nalo hutunza maji chini kwa chini. Ukibonyeza ukasikia mvunjiko kama wa majani makavu, shusha bei au ondoka. Fungua buti, inua zulia, gusa sakafu. Kisha lala chini ulitazame chesisi kwa tochi. Mimi sikulala chini kwa gari langu la kwanza, Lincoln moja ya kijani. Rangi ilikuwa inameta, nikaona haya kuchafua shati mbele ya muuzaji. Miezi minne baadaye fundi alipolinyanyua, jeki ikapenya.

Plastiki zinazojaza nafasi kati ya bampa na bodi kwenye Cadillac za wakati huo hukauka na kumeguka kama biskuti. Usiogope, mpya zinatengenezwa.

Uliza kuhusu cheni ya taimingi, ile inayozungusha kemishafti, mhimili unaofungua vali za injini. Gia ya kemishafti ya injini hizi kubwa za Cadillac ilifunikwa meno kwa nailoni ili isipige kelele. Baada ya miaka mingi nailoni hiyo huvunjika, vipande vikaangukia kwenye sampu ya oili na kuziba njia. Kama haijabadilishwa, ibadilishe wewe, uweke ya chuma kitupu, kabla ya safari yoyote ndefu.

Sikiliza pia mfyonzo wa hewa. Mambo mengi humo yanaendeshwa kwa hewa inayofyonzwa na injini kupitia vimipira vyembamba: milango ya kiyoyozi, na kwenye Cadillac hata breki ya mkono hujiachia yenyewe ukiweka gia. Kwenye Lincoln Mark IV na Mark V vifuniko vya taa za mbele vinashikiliwa hivyo hivyo. Vikiwa vinafunguka vyenyewe gari likilala usiku, kuna mpira unaovuja. Mipira hiyo ni rahisi. Kuitafuta ndiyo kazi.

Kuna injini za kukwepa?

Kwa anayeanza, ndiyo. Dizeli ya Oldsmobile ya lita 5.7 iliyowekwa pia kwenye Cadillac kati ya 1978 na 1985, ambayo boliti za silinda hedi hazikuimudu. Ile ya Cadillac ya 1981 iliyozima silinda zake kutoka nane hadi sita hadi nne. Wazo lilikuwa mbele ya kompyuta za wakati wake. Na ile ya lita 4.1 iliyoanza 1982. Wapo wanaozitunza zikaenda vizuri, nami nawaheshimu, lakini usianzie hapo.

Fundi na spea je?

Spea za injini, breki na giaboksi ni rahisi kuliko unavyofikiri, kwa kuwa zilitumika kwenye mamilioni ya magari. Vigumu ni vya urembo: kioo cha taa, kipande cha kromu, kitambaa cha kiti chenye mchoro ule ule. Kwa hiyo nunua gari lililokamilika ndani hata kama injini inakohoa.

Oili weka yenye zinki ya kutosha, maana kemishafti za aina hii zinaihitaji. Mipira ya petroli ya zamani ibadilishe yote, kwa sababu petroli ya sasa ya Marekani imechanganywa na ethanoli na inailainisha. Kabureta usimpe mtu aliyezaliwa juzi bila kumuuliza amewahi kufungua ngapi. Mzee jirani yangu ndiye aliyenifundisha ya kwangu, mezani kwake, akinitaka nitaje kila kipande kabla hajaniruhusu kukigusa.

Ni salama?

Si kama gari la leo. Langu lina breki za diski mbele na za dramu nyuma, linasimama sawasawa, ila linahitaji nafasi. Halina mfuko wa hewa. Wa katikati mbele ana mkanda wa kiunoni tu, kwa hiyo watoto wanakaa nyuma na wamefungwa. Naacha nafasi ya magari manne mbele yangu. Wanaoingia hapo waingie.

Majira ya baridi unafanyaje?

Halitoki. Chumvi wanayomwaga barabarani ndiyo iliyoua mengi ya magari haya. Mwanzo wa Novemba najaza tangi, naweka dawa ya kutunza petroli, nachomoa betri, nalifunika kwa kitambaa kinachopitisha hewa, si turubai la plastiki. Linaamka mwisho wa Aprili, mvua zikishaosha lami.

Bima yangu ni ile ya magari ya kale, mnayokubaliana thamani mapema. Namba za gari la kihistoria hapa Michigan zinakuruhusu kwenda kwenye maonyesho na shughuli za vyama, na mwezi wa Agosti kwenda popote. Agosti hiyo, Jumamosi ya tatu, barabara ya Woodward kutoka Ferndale hadi Pontiac hujaa magari ya zamani mchana kutwa. Imekuwa hivyo tangu 1995.

Naweza kulipeleka nyumbani Afrika Mashariki?

Kwa Kenya sheria inakataa gari lililozidi miaka 8, na usukani wa kushoto nao hauruhusiwi kwa magari ya kawaida. Tanzania utalipa ushuru wa ziada wa uchakavu. Zaidi ya sheria, fikiria kulipita lori kati ya Chalinze na Segera ukiwa umekaa upande wa mtaro, huoni kinachokuja, na una mita sita za kupitisha. Nimeacha kuliota hilo. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, kwa hiyo huko usukani si tatizo; petroli na spea ndizo za kupigia hesabu.

Naweza kupanda siku moja?

Karibu. Kuanzia Mei, Jumapili alasiri, huwa nakwenda hadi kisiwa cha Belle Isle, Detroit, na kurudi. Nafasi za nyuma huwahiwa na watoto, ile ya katikati mbele huwa wazi. Unikumbushe tu kabla hatujaondoka nikuonyeshe vile vijitaa viwili juu ya madigadi ya mbele: nyuzi za kioo zinaleta mwanga kutoka kwenye taa zenyewe hadi mbele ya macho ya dereva, ajue kama zinawaka bila kushuka.